Je, Alama za Mwaka Zaweza Kutabiri Mtihani wa Mwisho?

Wazazi wengi huwauliza walimu swali hili: mtoto amepata alama hizi katika kazi za kwanza, je, atashinda mtihani wa mwisho? Swali hilo si la ramli. Lina elimu yake, na vyuo vikuu vya nchi mbalimbali hulishughulikia kwa kompyuta na hesabu nyingi. Tutalieleza kadiri tuwezavyo, kwani lawahusu pia vijana wetu wanaojitayarisha kwenda chuo kikuu.

Jambo la kwanza ni wazi. Anayefanya vema kazi za mwanzo kwa kawaida atafanya vema mwishoni, kwa sababu akili ni ile ile na bidii ni ile ile. Walakini utabiri huo haukamiliki kamwe. Mwingereza Francis Galton alichapisha mwaka 1886 hesabu ya urefu wa watoto 928 waliokwisha kuwa watu wazima, akiulinganisha na urefu wa wazazi wao. Aliona kwamba watoto wa wazazi warefu mno walikuwa warefu, lakini kwa wastani hawakuwafikia wazazi wao. Na watoto wa wazazi wafupi mno walikuwa wafupi, lakini si kwa kadiri ya wazazi wao. Alama za masomo zafuata njia hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyepata 80 ana elimu, bila shaka. Lakini labda pia aliulizwa lile hasa alilolisoma jana yake usiku. Elimu itabaki naye, bahati haitabaki.

Tutoe mfano. Wastani wa darasa ni 50 juu ya 100, na miaka iliyopita imeonyesha kwamba katika kila alama 10 ambazo mtu amewapita wenzake mwanzoni, hubaki kama 6 siku ya mwisho. Aliyepata 80 tutamkisia 68. Aliyepata 30 tutamkisia 38. Tena hiyo 68 ni katikati tu: katika wengi waliokisiwa hivyo, wengine watapata 80, wengine 55. Wazazi wasiolijua jambo hili, wakiona mtoto ameshuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya nne, hufikiri mara moja kwamba amekuwa mvivu, au (tumeyasikia hayo hata kwa wakristu) kwamba jirani amemwonea kijicho. Hakuna kijicho hapo. Ni hesabu.

Tuende sasa kwenye chuo kikuu chenyewe. Katika Uingereza kuna chuo kiitwacho Open University, kilichoanzishwa mwaka 1969. Wanafunzi wake wengi husomea nyumbani, huku wakifanya kazi ya mshahara na kulea watoto. Kazi zao huzipeleka kwa mwalimu siku zilizopangwa. Mwaka 2017 wataalamu wa chuo hicho walitangaza hesabu za masomo ya miaka 2013 na 2014, majina yakiwa yamefichwa. Katika maandikisho 32,593, waliofaulu ni 12,361, na waliofaulu kwa heshima kubwa 3,024. Walioshindwa ni 7,052. Na walioacha njiani? Ni 10,156!

Hesabu hiyo ifikiriwe vizuri. Walioacha ni wengi kuliko walioshindwa. Basi anayetaka kutabiri mwisho wa mwanafunzi asitazame tu kama alipata 45 au 60. Atazame kwanza kama kazi ilifika. Katika chuo hicho, asiyepeleka kazi ya kwanza kabisa mara nyingi sana hafiki mwisho wa somo. Kwa hiyo kompyuta yao hukisia kila juma ni nani hatapeleka kazi ifuatayo, na mwalimu hupewa orodha ili awatafute hao mapema, ajue kama ni ugonjwa, au kazi, au somo limewashinda.

Lakini hapo latokea jambo la ajabu. Nabii Yona alitangaza kwamba Ninawi itaangamizwa baada ya siku 40. Watu wakasikia, wakatubu, mji ukaokoka, naye nabii akakasirika. Vivyo hivyo, mwalimu akimwendea mwanafunzi na mwanafunzi akainuka, kompyuta itaonekana imekosea. Utabiri wa namna hiyo ni mwema hasa pale usipotimia.

Mwaka 2020 ulionyesha utabiri wa namna nyingine. Kwa ajili ya ugonjwa wa korona, mitihani ya A-level, ile inayowafungulia vijana wa England mlango wa chuo kikuu, haikufanyika. Walimu waliombwa kumkadiria kila mwanafunzi na kuwapanga kwa nafasi, kutoka wa kwanza hata wa mwisho. Walimu walikuwa wakarimu: kwa makadirio yao, zaidi ya theluthi moja ya matokeo yangekuwa ya ngazi mbili za juu, hali mwaka 2019 yalikuwa karibu robo tu. Hatuwashangai. Ofisi ya serikali inayosimamia mitihani, Ofqual, ikatengeneza hesabu yake, nayo ilitazama hasa matokeo ya kila shule katika miaka 2017, 2018 na 2019. Basi kijana hodari katika shule ambayo zamani haikung'ara alibeba alama za kaka zake waliomtangulia. Tena vikundi vya wanafunzi 5 au pungufu viliachiwa makadirio ya walimu, kwa kuwa hesabu kama hiyo haifai kwa watu wachache; na vikundi vidogo hivyo vilikuwa vingi zaidi katika shule za kulipia.

Matokeo yalitoka tarehe 13 Agosti. Karibu 39 kati ya kila 100 yalikuwa chini ya makadirio ya walimu. Vijana waliandamana London, na haikuwa ajabu: walikuwa wamehukumiwa kwa mtihani ambao hawakuuandika, wala hawakuwa na siku hata moja ya kuusahihisha utabiri kwa kazi yao wenyewe. Tarehe 17 Agosti serikali ilirudi nyuma, makadirio ya walimu yakapokelewa. Lakini vyuo kadhaa vilikuwa vimekwisha kujaa, na baadhi ya vijana wakaambiwa wangoje mpaka mwaka 2021.