Kunguru Mwoga na Ubawa Wake: Hofu katika Urubani wa Paraglaida

Paraglaida ni bawa la kitambaa lisilo na injini wala fremu, lenye uzito wa kilo chache tu, ambalo hupata umbo lake kutokana na hewa inayoingia kupitia matundu ya mbele na kujaza vyumba vyake, huku rubani akining'inia chini yake kwenye kiti cha mikanda na kuliongoza kwa kamba mbili za breki alizozishika mikononi. Kwa kuwa bawa hilo hushikiliwa na mgandamizo wa hewa pekee, hewa inapovurugika upande mmoja unaweza kukunjika ghafla na kuligeuza kwa nguvu, jambo ambalo mara nyingi hurekebishika lenyewe kukiwa na nafasi ya kutosha chini, lakini huweza kuua karibu na mwamba. Anayejifunza urubani huu, basi, hana budi kujifunza pia namna ya kuishi na hofu yake.

Nchini Kenya, jambo hili linaonekana waziwazi katika ukingo wa Elgeyo, karibu na Iten, mji unaojulikana zaidi kwa wanariadha wake. Ukingo huo uko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya Bonde la Kerio iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Kwa kuwa unatazama mashariki, jua la asubuhi huupiga moja kwa moja, miamba hupata joto, na mikondo ya hewa moto huanza kupanda mapema, mikondo ileile inayomwezesha rubani kupaa na kusafiri mbali bila injini. Hewa ambayo saa moja asubuhi ilikuwa tulivu huweza kufikia saa sita mchana ikawa na nguvu ya kulirusharusha bawa. Isitoshe, hewa ya mwinuko huo ni nyepesi, hivyo bawa huhitaji mwendo unaozidi ule wa pwani kwa zaidi ya asilimia 10 ili kubeba uzito uleule, na mwanafunzi aliyefundishwa mahali pa chini hujikuta akikimbia kuliko alivyozoea wakati wa kuruka na wa kutua.

Mwanafunzi wa siku za kwanza huogopa karibu kila kitu, na hofu hiyo humlinda. Hatari kubwa zaidi huja baadaye, baada ya makumi ya saa angani, kwa sababu hofu hupunguzwa na mazoea peke yake ilhali ujuzi huhitaji mafunzo, na mazoea huenda kwa kasi zaidi. Kila anapotua salama, rubani huamini kwamba uamuzi wake ulikuwa sahihi, hata kama ukweli ni kwamba upepo ulimhurumia siku hiyo. Anga halitoi alama za mtihani, na kosa lililosamehewa mara ishirini huanza kufanana na ustadi.

Hofu iliyozidi nayo ina madhara yake. Mwaka 1908 wanasaikolojia Yerkes na Dodson, kwa majaribio ya panya, walionyesha kwamba kwa kazi ngumu msisimko wa wastani husaidia kujifunza, lakini ukipita kiasi hudhuru, na wataalamu waliofuata wakalipanua wazo hilo hadi kwa utendaji wa binadamu. Rubani aliyeshikwa na hofu kali hukaza mikono, hukodolea macho kile anachokiogopa, na huvuta breki kwa silika ya kung'ang'ania kilicho karibu. Breki zikivutwa kupita kiasi, bawa hupoteza mwendo na kuacha kuruka. Silika hiyo haiondolewi kwa maneno, na ndiyo sababu kuna mafunzo maalumu juu ya maji, kama yale ya Annecy nchini Ufaransa na Ölüdeniz nchini Uturuki, ambako rubani aliyevaa jaketi la kuokolea hulikunja bawa kwa makusudi, akiongozwa na mwalimu kwa redio huku boti ikimsubiri chini, hadi mikono izoee kuachia.

Hata hivyo, zipo hatari zisizo na dawa angani. Februari 2007, karibu na Manilla nchini Australia, Ewa Wiśnierska, rubani mahiri wa timu ya Ujerumani, alivutwa na wingu la radi hadi karibu mita 10,000, juu kuliko kilele cha Everest, akapoteza fahamu kwenye baridi kali na kunusurika, ilhali rubani mwingine aliyevutwa na dhoruba hiyohiyo alifariki. Wingu la namna hiyo halishindwi kwa ustadi wa mikono. Wahenga waliposema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake walisema kweli, mradi kunguru huyo akimbie mapema, kwa maana uamuzi unaookoa maisha hapa hufanywa kabla wingu halijakomaa, na aghalabu kabla miguu haijaiacha ardhi.

Kwa hiyo rubani anayepanda ngazi kwa busara hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Mabawa hupangwa katika madaraja kuanzia A, lenye kusamehe makosa mengi, hadi D, la wataalamu, na vipimo hivyo hufanywa katika hewa tulivu, kwa hiyo herufi hizo hazimwelezi mtu bawa litafanya nini mchana wa Kerio. Anayebadilisha bawa hubaki kwenye mlima anaoujua. Anayefika Kerio kwa mara ya kwanza huruka na bawa alilolizoea, asubuhi mapema kabla mwamba haujapata joto, akashuka hadi bondeni kwa takribani robo saa, kisha akaiandika safari hiyo fupi kwenye daftari lake la urubani kwa uzito uleule wa safari ya kilomita nyingi.