Furaha ya ubingwa nayo hupandisha presha

Mwaka 2013 Gor Mahia ilipotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya, mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliletwa na mwanawe katika kliniki yangu hapa Lanet. Kichwa kilimgonga na kifua kilimbana. Presha yake ilikuwa 210 kwa 120. Akaniuliza: "Daktari, mwaka jana Tusker walituponyoka na kombe siku ya mwisho, nikalia, wala sikuugua. Mwaka huu tumeshinda, mbona ndipo naugua?"

Swali lake ni la maana. Wengi hudhani kwamba huzuni na hasira pekee ndizo hudhuru moyo. Sivyo. Moyo haujui goli limeingia upande gani.

Mwilini hutokea nini?

Wakati wa msisimko, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, mishipa ya damu hujikaza na presha hupanda. Haya hutokea uwe unaogopa kufungwa au unashangilia ushindi.

Ubingwa uliongojewa sana huzidisha mambo. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Gor ilikuwa imengoja tangu 1995. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa sasa amefikia umri wa kuchukua kitambulisho. Mtu aliyebeba wasiwasi wa miaka 18 akiutua kwa dakika moja, hutokwa na machozi, magoti humlegea, akamkumbatia hata asiyemjua. Usiku usingizi humpaa. Hayo si wazimu. Siku chache baadaye huenda akajihisi mtupu, kama nyumba ambayo wageni wa harusi wameondoka. Hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe.

Ushahidi

Madaktari wa Munich, Ujerumani, walichunguza dharura za moyo wakati wa Kombe la Dunia la 2006. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura hizo ziliongezeka zaidi ya maradufu, na nyingi zilitokea katika saa mbili za kwanza tangu mchezo uanze. Kumbuka kwamba Ujerumani ilishindwa mechi moja tu kati ya saba. Walioathirika zaidi ni wale waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali.

Kwa hiyo kijana mwenye afya njema na ashangilie bila hofu. Anayepaswa kujihadhari ni mwenye presha, kisukari au maradhi ya moyo, pamoja na mvutaji wa sigara.

Ufanye nini?

Kwanza, meza dawa zako siku ya mechi kama siku nyingine. Nilipomdodosa yule mzee, nilibaini alikuwa ameacha vidonge vya presha kwa siku mbili ili apate kunywa bia. Furaha ilimkuta bila kinga.

Pili, punguza pombe na sigara, na ule chakula kabla ya mechi. Tatu, usining'inie mlangoni mwa matatu wala kuendesha gari ukiwa umelewa. Sisi wa Lanet tunaishi kando ya barabara kuu ya Nairobi, na tunajua barabara hiyo haina msamaha.

Nne, zijue dalili za hatari: kifua kubana kwa uzito, maumivu kuelekea mkononi au kwenye taya, jasho baridi, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande, au mkono kukosa nguvu ghafla. Ukiona mojawapo, usingoje kipenga cha mwisho. Tafuta gari ufikishwe hospitali mara moja, kwa maana kila dakika ina thamani.

Mashabiki wa AFC Leopards, ambao baada ya ubingwa wa 1998 walikaa zaidi ya miaka 20 bila kombe la ligi, nao wayazingatie haya. Aliyengoja sana ndiye anayehitaji kujiandaa zaidi.

Yule mzee alipona. Gor ilitwaa ligi tena 2014 na 2015, na mara zote mbili alishangilia akiwa amemeza vidonge vyake. Msomaji, pime presha yako wiki hii, kabla timu yako haijakupa sababu ya kuruka.