Kimea si cha Pombe Tu

Ukitaja kimea kijijini watu wanacheka. Wanafikiria kilabu na debe la pombe. Mama akianika ulezi uliochipua, majirani wanamuuliza, "Ngoma lini?" Ndiyo maana akina mama wengine hawataki kabisa kutia kimea katika uji wa mtoto. Na wako watu wa dini wanaoona kwamba ni kumnywesha mtoto pombe.

Hebu tulitazame jambo hili. Kimea peke yake si pombe. Pombe hutokea kinywaji kinapoachwa muda mrefu kikachachuka. Uji unaopikwa na kunywewa saa ile ile hauna pombe. Na togwa je? Togwa hutengenezwa kwa kimea hicho hicho, watoto wanakunywa, na hakuna anayelalamika!

Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe hapa Tanzania waliwahimiza wazazi watumie unga wa kimea. Walikuwa na sababu. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mzito unamshinda kumeza. Mama akiongeza maji, mtoto anashiba maji. Sasa, mbegu ikichipua hutengeneza kitu kinachovunja wanga. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo. Tia kijiko cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika chache utaona umekuwa mwepesi bila kuongeza maji. Urudishe jikoni uchemke tena. Unga uliomo ni ule ule mwingi.

Lakini hapo linazuka neno jingine. Bibi akiona uji mwepesi anasema mkwe wake anambania mjukuu unga. Kwake yeye uji wa maana ni ule unaosimamisha mwiko. Msibishane naye. Mpeni bibi mwiko akoroge mwenyewe, aone.

Ulezi ndio mzuri zaidi. Uloweke usiku mmoja, uchuje maji, uufunike mahali penye unyevu siku mbili tatu, kisha uanike. Mtama una shida yake: miche na mizizi ya kimea chake ina sumu. Kikikauka kisugue, ukipepete vitoke vyote, ndipo usage.

Kwa upande mwingine, wako wanaoziamini mno mbegu zilizochipua. Ulaya na Marekani wengi huzila mbichi, maana husifiwa kuwa ni chakula cha afya. Mwaka 2011 huko Ujerumani watu zaidi ya 3,000 waliugua, na zaidi ya 50 wakafa. Chanzo kilikuwa machipukizi ya uwatu yenye vijidudu. Joto na unyevu unaochipusha mbegu huzalisha vijidudu pia, na kwa macho huvioni.

Choroko ulizochipusha nyumbani zipike kwanza. Na kimea chenye ukungu usimpe mtoto, hata kuku usimpe.