Baharia ahitaji mazoezi, lakini kwanza apumzike

Mkaazi wa Ras Kitau, kusini mwa kisiwa cha Manda, akisongwa na mawazo huvuka kwa mashua hadi Shela, akatembea ufukweni akirudi moyo umetulia. Baharia wa meli kubwa hana nafasi hiyo. Kaskazini mwa kisiwa hicho hicho hupita meli ziendazo bandari mpya ya Lamu, iliyoanza kazi Mei 2021. Ndani yake mna watu ambao kwa miezi kadhaa hufanya kazi, hula na kulala mahali pamoja, na wenzao wale wale.

Maisha hayo huielemea akili. Zamu za usiku huvuruga usingizi, upweke huzaa huzuni, na wawili wakikosana hawana pa kuepukana. Mazoezi husaidia: kutembea sitahani, kupanda ngazi au kuruka kamba hupunguza wasiwasi na kuleta usingizi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 kwa wiki.

Hata hivyo, aliyechoka hahimizwi kukimbia. Kiwango cha mapumziko katika Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2014, ni saa zisizopungua 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Mkataba huo pia wampa baharia haki ya kushuka pwani. Vifaa vya mazoezi vimetajwa katika miongozo tu. Basi mwenye meli aanze kwa kurekebisha ratiba ya zamu, ndipo anunue vyuma vya mazoezi.