Mafia, Helgoland na Istilahi ya Heisenberg

Mkataba uliotiwa saini Julai 1, 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani hujulikana kwa majina ya Helgoland na Zanzibar. Mafia aghalabu husahauliwa. Hata hivyo, Ibara ya 11 ilikitaja wazi Kisiwa cha Mafia miongoni mwa milki ambazo Uingereza ingemshawishi Sultani wa Zanzibar aziachie Ujerumani. Kwa hati hiyo hiyo Ujerumani ilipewa Helgoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Wenyeji wa visiwa vyote viwili hawakuulizwa.

Miaka 35 baadaye, Juni 1925, Werner Heisenberg, mwanafizikia kijana wa Göttingen, alikwenda Helgoland kuikimbia chavua iliyokuwa ikimsumbua. Huko alipata msingi wa nadharia mpya ya kwanta: atomu ielezwe kwa yale yanayopimika, kama mwanga inaoutoa, si kwa njia za elektroni ambazo hakuna aliyepata kuziona. Hakutambua kwamba hesabu zake zilikuwa za matriki. Aliyelitambua hilo ni Max Born, na kazi ikakamilishwa pamoja na Pascual Jordan. Paul Dirac aliiendeleza kwa njia yake huko Cambridge. Niels Bohr aliwakusanya vijana wa mataifa mengi Copenhagen.

Ushirikiano huo ulikuwa na majeraha. Vita vilivyofika hadi Mafia, kisiwa kilichotekwa na Waingereza Januari 1915 na kutumiwa katika kuisaka manowari Königsberg kwenye delta ya Rufiji, viliwafanya wanasayansi wa Kijerumani kwa jumla wafungiwe nje ya mikutano ya Solvay ya 1921 na 1924. Walirejea mwaka 1927.

Ushirikiano wa namna hii husafirisha maneno pia, na hapo ndipo isimu inapohusika. Katika makala yake ya 1927 kuhusu mahali na mwendo wa elektroni, Heisenberg alitumia maneno ya Kijerumani yenye maana ya kukosa usahihi na kutobainishwa. Kiingereza kilizoea neno lenye maana ya kukosa hakika. Kiswahili kikitafsiri kutoka Kiingereza hupata “kanuni ya kutokuwa na hakika”, istilahi inayotia kasoro katika akili ya mtazamaji, ilhali kasoro hiyo, kama ni kasoro, haimo humo. “Kutobainika” ni afadhali, kwani kauli ya kutendeka haimhitaji mtenda. Lakini “haijabainika” humaanisha pia kwamba uchunguzi unaendelea na jibu litapatikana. Hapa halitapatikana. “Kutopimika pamoja” ni istilahi ndefu, na haina ahadi hiyo.