Taa Anayemjia Mzamiaji

Samaki wengi humkimbia binadamu. Kwenye visiwa vya Revillagigedo, katika Bahari ya Pasifiki upande wa Mexico, yuko anayefanya kinyume. Akimwona mzamiaji hugeuka, humjia taratibu na kuelea juu ya kichwa chake, akiyaacha mapovu ya pumzi yampige tumboni. Huyu ni manta wa bahari kuu, Mobula birostris, taa mkubwa kuliko wote duniani. Mabawa yake yakitandazwa, toka ncha hadi ncha, huweza kufika mita 7.

Kumfikia kunadai subira. Visiwa hivyo viko kilomita 390 hivi kutoka ncha ya kusini ya rasi ya Baja California, na meli hukata maji usiku na mchana kabla ya kuviona. Huko hakuna hoteli, wala mtalii haruhusiwi kushuka nchi kavu. Mzamiaji hula, hulala na kujaziwa mitungi yake ya hewa humo humo melini. Msimu ni Novemba hadi Juni, nje ya miezi ya vimbunga vikali.

Kimoja kati ya visiwa hivyo, San Benedicto, chote ni volkano. Tarehe 1 Agosti 1952 mlima Bárcena ulilipuka hapo na katika wiki chache ukajijenga hadi kupita mita 300. Majivu yalifukia kila jani, na ndege mdogo aliyekuwa akiishi kisiwani hapo tu akatoweka duniani. Chini ya maji, hata hivyo, karibu na kisiwa hicho hicho kuna mwamba uitwao El Boiler, na hapo manta huja kusafishwa. Hupunguza mwendo, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa, ambao makao yao makuu ni visiwa hivi, humdonoa vimelea mwilini. Mara nyingi huwa amegandwa na chazo, jamaa ya wale ambao wavuvi wa Zanzibar zamani waliwatumia kunasa kasa.

Ubongo wa manta ni mkubwa kuliko wa samaki mwingine yeyote, na una mtandao wa mishipa unaoutunzia joto anapozama kwenye maji baridi. Mwaka 2016 watafiti Csilla Ari na Dominic D'Agostino walieleza jinsi manta waliowekewa kioo walivyojizungusha mbele yake na kutoa mapovu, kana kwamba wanajichunguza. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu maana yake. Mimi naona kiumbe wa namna hii anastahili kulindwa hata kabla ubishi haujaisha, kwa sababu kwa kawaida jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati, baada ya mimba ya mwaka mzima hivi, ilhali matamvua yake makavu huuzwa China kama dawa.

Mwaka 2017 Mexico iliyafanya maji hayo kuwa hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 148,000 hivi, na uvuvi ukapigwa marufuku. Nao wazamiaji, ambao zamani walimdandia mgongoni, sasa hawaruhusiwi kumgusa: mkono hufuta ute unaoikinga ngozi yake. Wanachoruhusiwa ni kumpiga picha tumboni. Madoa ya hapo hayafanani kwa manta wawili, na kwa picha hizo watafiti humtambua kila mmoja anaporudi miaka mingi baadaye.