Nafuu, Zuio na Fidia: Istilahi za Madai ya Hakimiliki

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, istilahi za sheria zimeacha kuwa mali ya mawakili peke yao. Katika makala hii tunakusudia kueleza chache zinazohusu madai ya hakimiliki, kwani hizo ndizo tunazoziona zikichanganywa mno.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kwaya moja ya Itigi, mkoani Singida, yarekodi nyimbo zake. Haupiti muda, nyimbo hizo zinanakiliwa katika kibanda kilicho karibu na stesheni ya reli na kuuzwa kwa wasafiri, wala kwaya haipati hata senti. Viongozi wake wanasema, “Twataka atozwe faini.” Hapo ndipo neno linapowaponza. Faini hutozwa katika kesi ya jinai, na kwa kawaida huingia katika hazina ya Serikali. Wakitakacho wao ni fidia, yaani malipo ya kumrudisha aliyepata hasara pale alipokuwa kabla ya kudhulumiwa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yampa njia ya madai mtu ambaye haki yake imevunjwa, au i karibu kuvunjwa. Mtunzi wa wimbo ana hakimiliki; waimbaji na mtayarishaji wa rekodi wana hakishiriki. Kile ambacho mdai huiomba mahakama huitwa nafuu. Wako wasiolipenda neno hili, wakisema kuwa nafuu ni ya mgonjwa au ya bei. Sisi twaliona lafaa, maana aliyedhulumiwa naye hutafuta kupunguziwa maumivu.

Nafuu ya kwanza ni zuio: amri ya mahakama ya kumkataza mtu asitende jambo, au asiendelee kulitenda. Laweza kuwa la muda, shauri likisubiri kusikilizwa, au la kudumu. Baadhi ya waandishi huliita pingamizi, nao wanakosea. Pingamizi ni hoja iletwayo na upande mmoja kuupinga mwingine. Zuio hutolewa na mahakama.

Fidia nayo ina matawi. Fidia maalumu ni ya hasara inayohesabika, na Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza, katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe lililoripotiwa mwaka 1992, kwamba hiyo lazima itajwe bayana na kuthibitishwa. Fidia ya jumla hukadiriwa na mahakama yenyewe. Mdai aandikaye “fidia” tu, bila kueleza ni ipi, ajiweka hatarini. Kwamba kiasi chaweza kuwa kikubwa tulishuhudia mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilipoamuru wanamuziki Hamisi Mwinjuma na Ambwene Yesaya walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa kuwa nyimbo zao mbili zilitumiwa na kampuni ya simu kuwa milio ya miito bila ya idhini yao.

Ipo pia fidia inayozidi hasara, ikusudiwayo kumwonya mkosaji na wengine. Wengi huiita fidia ya adhabu. Jina hilo laturudisha kwenye jinai, mahali tulipojaribu kutoka. Twapendekeza fidia ya fundisho. Tena sheria huruhusu kudai faida aliyoipata mvunjaji kutokana na uvunjaji wake. Hiyo si hasara ya mdai, nayo yafaa itajwe kwa jina lake.

Basi hati ya madai ya kwaya yetu ingeweza kuomba hivi: zuio la kudumu dhidi ya mdaiwa kunakili na kuuza nyimbo za wadai, fidia maalumu ya kiasi kilichotajwa, faida aliyoipata mdaiwa kwa mauzo hayo, fidia ya jumla kama mahakama itakavyokadiria, na gharama za shauri.